Gari la Baba Lashushwa Same

Baba yangu alikuwa na gari lililosimama uani kwetu Vudee chini ya paa la majani ya migomba. Alilipata kwa Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge huko tambarare. Mgiriki huyo alilipandisha mlimani siku ya mvua, likakwama, akalitukana kwa lugha yake mpaka akachoka, kisha akambadilishia baba kwa dume la ng'ombe na kushuka kwa miguu, dume nyuma yake. Tangu siku hiyo gari halikusogea. Mtu akiuliza, baba alijibu kwamba limepumzika.

Mapumziko hayo yalikuwa na heshima zake. Kila Jumamosi aliliosha. Jumapili baada ya ibada alivaa kofia, akakaa kwenye usukani, na watu wakapita dirishani na shikamoo zao. Aliitikia marahaba huku akitazama mbele, asije akagonga mtu. Wazee waliokuja kuniposa waliketishwa kiti cha nyuma, wanne wamebanana, na baba akajadiliana nao kupitia kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Hakugeuka hata mara moja. Mama alipitisha chai dirishani. Wale wazee hawakurudi tena, na kwa kuwa nilishamwona kijana mwenyewe, nalishukuru gari lile mpaka leo.

Kitu kimoja tu baba hakukiruhusu, nacho ni kufungua boneti. Alisema aliyelala hafunuliwi shuka. Hata yeye mwenyewe hakuifungua.

Miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia, mwinjilisti alisoma tangazo kanisani. Bwana Shauri, Mzungu wa serikali wilayani, na Wazungu wa mkonge wangefanya maonyesho ya magari ya zamani kwenye kiwanja karibu na stesheni ya Same. Gari lolote kuukuu lingepokewa, mradi lifike kwa magurudumu yake yenyewe. Watu waliguna. Siku zote tunasema kipya kinyemi ingawa kidonda, na sasa watu wenye uwezo wa kununua vipya wanataka kushindania vikuukuu. Baba hakuguna. Alitoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho, akaenda kuliosha, ingawa haikuwa Jumamosi.

Jioni hiyo alikwenda kwa wazee kuomba msaragambo. Kwetu, baragumu la msaragambo likilia kila nyumba hutoa mtu, iwe ni kuchimba mfereji au kutengeneza barabara, na asiyefika hutozwa mbuzi. Kazi hiyo haikuwa ya kuteremsha mali ya mtu mmoja, na wazee walimwambia hivyo. Baba akasema huko Same kutakuwa na mafundi, wataliamsha, nalo litapanda mlima likiwa hai, kisha litabeba wagonjwa wetu na kahawa yetu sote.

Mzee mkubwa wa ukoo aligonga fimbo yake chini.

"Haya," alisema. "Lakini lisipoamka, baragumu halitalia tena kwa ajili yako. Si kuezeka nyumba yako, si kuchimba kaburi lako."

Baba alikubali mbele ya watu wote. Mama alikuwa pembeni akimenya ndizi, akajikata kidole.

Kuteremka hakuhitaji injini. Waliotangulia walisawazisha barabara kwa majembe, na sisi wengine tulishika kamba kwa nyuma tukajiegemeza kwa visigino ili gari lisitukimbie. Baba alikaa kwenye usukani na kofia yake, akipiga honi ya mpira kwenye kila kona, akiwapigia watu waliokuwa wakimwona vizuri kabisa. Viganja vyangu vilichubuka. Nilikuwa na hasira, na nilimwambia mhunzi wetu, aliyekuwa kwenye kamba mbele yangu, kwamba gari hili ni jepesi mno kwa ukubwa wake. Mhunzi akaanza kuimba kwa sauti kubwa.

Tulipofika kiwanjani wimbo ulikatika. Magari yalikuwa yamepangwa mstari mmoja, boneti zote wazi, na kila Mzungu ameinama juu ya lake kwa uso wa wasiwasi. Hatukuhitaji kuelezwa. Hao walikuwa wagonjwa.

Mgonjwa hapitwi bila pole, wala hajuliwi hali mikono mitupu. Wanawake walifungua chakula cha safari, wakapita gari baada ya gari, "Pole, bwana, pole," wakiacha ndizi juu ya kila moja. Bwana mmoja aliyekuwa mwekundu kwa jua alipokea zake kwa mikono miwili, akaeleza kwa Kiswahili chake kwamba linakohoa sana asubuhi. Shangazi yangu akamuuliza kama linakula.

"Linakunywa tu," alijibu kwa huzuni.

"Basi litapona. Asiyekunywa ndiye wa kuogopwa."

Waamuzi walipoanza kazi walikuta kila gari lina chane ya ndizi, wakashindwa kujua ni nani ameshatoa zawadi.

Letu lilikuwa la mwisho. Mwamuzi mkuu alilizunguka, akalipapasa, akalisifu kwa karani wake kwamba rangi haijawahi kuguswa. Baba akavimba kifua. Kisha mwamuzi akasema, "Fungua." Baba akamweleza habari ya aliyelala na shuka. Karani akatafsiri, mwamuzi akacheka, akaifungua mwenyewe.

Ndani hamkuwa na kitu. Tuliona nyasi za Same, na viatu vya mwamuzi wa pili aliyesimama ng'ambo.

"Injini wapi?"

Baba aliinama akatazama, akainuka, akainama tena. Sijapata kumwonea mtu huruma kama nilivyomwonea baba saa ile, na hasira yangu yote ya njiani ikanitoka.

"Niliitoa mimi," alisema mama, kwa sauti ile ile ya kuarifu kwamba chumvi imekwisha. "Wakati wa vita. Baba yenu alikuwa amechukuliwa kukata mkonge, majembe hayapatikani madukani, na tuliyokuwa nayo yamebaki vipini. Nikamwita mhunzi."

Mhunzi alikuwa akitazama mawingu. Kila chuma kilichokubali moto alikifua jembe. Kile kizito kilichokataa nyundo alikifanya fuawe, na juu yake akafulia mengine.

"Hayo majembe yako wapi?" aliuliza mzee wa ukoo.

"Mmekuja nayo," alisema mama.

Watu wakageuza majembe yao polepole na kuyatazama. Mzee alilitazama lake kuliko wote.

"Nilidhani ni chuma cha reli," alisema. "Ndiyo maana sikuuliza."

Karani akamwonyesha mwamuzi mkutano mzima wa watu wa Vudee, akamwambia injini ni ile pale. Mwamuzi akafunga boneti taratibu, akaenda zake. Zawadi ilipewa lile gari lililokohoa, nasi tukalipigia makofi kwa kupata nafuu.

Baba alivua kofia. "Nimeshindwa," alimwambia mzee. "Neno lako nalikumbuka. Liacheni hapa hapa."

Mzee aliweka jembe begani, akaokota kamba, akaenda kuifunga mbele ya gari. Mhunzi akaifuata ya pili upesi upesi. Wengine wakajipanga bila kuitwa.

Lakini lazima mtu ashike usukani, na baba alikuwa bado amesimama, kofia mkononi. Mama akakusanya kanga yake, akapanda, akaushika usukani kwa mikono miwili kama anayeepua sufuria ya moto, akauliza tunangoja nini. Hapo ndipo baba alipozunguka nyuma na kuweka bega lake karibu na langu.

Tulipoanza kupanda aliniuliza, chini chini, mama asisikie, "Na nyinyi nyumbani, mlipewa jembe?"

"Tulipewa moja, baba."

"Lilikuwa zuri?"

"Ndilo lililotulisha mwaka ule wote."

Akaitikia kwa kichwa, akasukuma.