Wifi Yusta na Kipima Vumbi

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi wifi yangu Yusta alipovalishwa kipima vumbi mbele ya watu wote, akatembea kama bibi harusi. Ukitaka kujua kwa nini bibi yako hucheka peke yake kila akiona redio iliyofunikwa kitambaa, vuta kigoda ukae hapa na ndugu yako. Utacheka na wewe, ila usinikimbie katikati, maana ndani ya kicheko hicho kuna kifua cha mtu.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, tunaishi hapa Mpanda, mtaa wa Makanyagio, na kazi nafanya mtaa wa Shanwe kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Mzee Kasimu. Magunia yalikuja kutoka Kasekese na vijiji vingine, nasi kina mama tulimimina mpunga, tukachambua mchele, tukashona magunia. Yusta, dada wa mume wangu Petro, ndiye aliyenitafutia kazi ile. Yeye alikuwa mmiminaji, na mahali pake ndipo palipokuwa na vumbi kuliko pote. Mashine ikishanguruma humuoni mtu, unaona kilemba tu. Mchana nyusi zake zilikuwa nyeupe, nami sikuacha kumchokoza.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaoge, unanuka pumba."

Sasa, wifi huyo alikuwa msafi wa kuudhi. Nyumbani kwake kila kitu kilivaa kitambaa: redio, viti, hata chupa ya chai. Vingi nilimfumia mimi mwenyewe, vyekundu vyenye ua la njano katikati. Mgeni akiweka kikombe juu ya meza bila kitambaa, Yusta hasemi neno, anakiinua tu, anatandika, anakirudisha, na mgeni anajiona mshamba.

Basi akaanza kukohoa. Mwanzoni ilikuwa jioni jioni, baadaye kutwa nzima, mpaka ikawa akipanda ngazi ya kumiminia anasimama katikati kuvuta pumzi. Tulikohoa wote, usidhani, lakini sisi tulikuwa tunapona tukifika nyumbani. Mzee Kasimu alisema huenda Yusta kazaliwa na kifua dhaifu. Hakuwa mtu mbaya mzee yule. Alikuwa na mashine ya kuendesha, na mwenye mashine huwa hapendi kusikia kwamba mashine yake inaumiza watu. Hata hivyo alimwita mtaalamu wa usalama kazini, kijana mmoja anaitwa Gervas, aje apime hewa, kisha akatukusanya.

"Sikilizeni. Majibu yakisema vumbi ndilo linalomkohoza Yusta, nitafunga bomba la kulifyonza litoke nje, ingawa ni ghali. Yakisema hewa ni nzuri, basi Yusta, binti yangu, utafute kazi nyingine. Sitaki unifie hapa."

Yusta alikuwa na watoto na hakuwa na mume wa kumsaidia. Usiku huo tulisali sana.

Gervas alikuja na kipampu kidogo cha kufunga kiunoni. Kilitoa mpira mwembamba uliopanda mpaka kwenye kola ya nguo, karibu na pua, na mwisho wa mpira kulikuwa na kikopo cha plastiki chenye kichujio cheupe ndani. Hewa anayovuta mtu, kipampu nacho kinaivuta, vumbi linabaki kwenye kichujio. Mimi na mdomo wangu nikauliza kwa nini asipime hapo hapo atuambie.

"Mama, mimi kazi yangu ni kuikamata tu," akasema. "Haya maganda ya mpunga yana kitu kinaitwa silika, ukikivuta kila siku kinakwaruza mapafu. Kujua kipo kiasi gani inataka vyombo ambavyo Mpanda hii hatuna. Nafunga kichujio, nakipeleka maabara Dar es Salaam. Tena ni vizuri hivyo. Watu wa kule hawanijui mimi, hawamjui Mzee Kasimu, hawawajui nyie."

Akamvalisha Yusta, akawasha, akaenda upande wa pili kupima kelele za injini. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Nilipopita na gunia langu niliona kitu chekundu kwenye kola ya wifi. Kumbe ametoa kitambaa kwenye mkoba, kile chenye ua la njano, akakifunika kikopo chote na kukibana kwa pini. Nikamuuliza anafanya nini.

"Kitu cha watu hiki, wifi. Huoni vumbi lilivyo? Kikiharibika nitamwambia nini yule kijana?"

Nikamsifu, mwanangu! Nikamwambia ana akili. Hata sikuwaza. Sisi tumelelewa hivyo, kitu cha kuazima kinarudishwa kisafi kuliko kilivyokuja. Jioni akakitoa kitambaa, akakikunja, akamrudishia Gervas kifaa chake kinang'aa. "Umekitunza vizuri, mama," Gervas akasema, na Yusta akatabasamu. Kichujio kikafungwa, kikapanda basi.

Baada ya majuma kadhaa Gervas alirudi. Mama mmoja wa maabara ya Dar alikuwa amemwambia apige simu kabla yeye mama hajaandika majibu, na Mzee Kasimu akataka tusikie sote. Mashine ikazimwa, simu ikawekwa spika juu ya gunia.

"Vumbi ni dogo sana," sauti ikasema. "Halifiki hata nusu ya kiwango cha kutia wasiwasi."

Mzee Kasimu akapiga makofi. Yusta akainamisha kichwa, nikaona mabega yake yanashuka. Moyo uliniuma, nisikufiche.

"Lakini nina swali," yule mama akaendelea. "Huko kwenu mnakoboa mpunga au mnafuma? Maana kwenye kichujio nimekuta nyuzi nyekundu na za njano."

Watu wakatazamana. Gervas akasema hajui. Mimi nilijua. Yusta naye alijua, na nilimwona anafungua mdomo. Unajua nilifanya nini? Nilimkanyaga mguu. Nilimkanyaga kwelikweli. Niliona kipimo kile cha gharama tumekiharibu sisi, mzee atatufukuza wote wawili siku hiyo hiyo, mume wangu atanicheka mwaka mzima.

"We mke wa Petro," Mzee Kasimu akaniita, maana macho yake hayakupitwa na kitu. "Ondoa mguu wako juu ya mguu wa mwenzio. Mwache aseme."

Yusta akasema yote, na kitambaa, na pini, na kitu cha watu. Kwenye simu tukasikia yule mama wa Dar anacheka mpaka anakosa pumzi. Gervas akashika kichwa. Basi tukaangua kicheko wote, Yusta mwenyewe akacheka na kukohoa, akacheka na kukohoa, mpaka kikabaki kikohozi peke yake.

Mzee Kasimu hakucheka. Majibu aliyoyatamani alikuwa nayo tayari, angeweza kusema asante na kukata simu. Akanigeukia mimi.

"Nimemlipa mtu wa mbali, asiyenijua, aniambie nisichotaka kusikia. Kama nilitaka kusikia maneno matamu, si ningewauliza nyie? Nyie mngenipa bure."

Nilitamani kuingia ndani ya gunia. Kisha akamwambia Gervas: "Tutapima upya. Na mimi nivalishe."

Siku ya kupima tulikuwa tumefagia kiwanja na kunyunyiza maji, kwa sababu mgeni anakuja. Mzee akafoka, "Nani kamwaga maji? Leo hatupokei bwana harusi! Fanyeni kazi kama jana." Akapanda ngazi, akasimama bega kwa bega na Yusta, kila mmoja na kipampu chake, vikopo wazi, na mzee akawa anamimina mpunga kwa mikono yake. Tulicheka chinichini tulivyoona kofia yake inageuka rangi.

Jioni alishuka ameshika ukuta. Akataka kutuaga, kikohozi kikamkamata, akakohoa mpaka machozi yakachora njia kwenye vumbi la mashavu. Alipotulia alimgeukia Yusta.

"Pole, binti yangu," akasema. "Pole sana."

Siku ile ile akamhamishia Yusta nje, kwenye kushona magunia. Majibu yaliporudi kutoka Dar hayakuwa na nyuzi hata moja. Vumbi lilikuwa limepita kiwango kwa mbali, kwenye kichujio cha Yusta na cha mzee vilevile, na silika imo. Bomba likafungwa kabla ya msimu kuisha. Kikohozi cha wifi kilipungua polepole. Hakikuisha chote, msimu wa baridi kinamrudia, lakini yupo, juzi tu alikuwa hapa ananung'unika kwamba meza yangu iko uchi.

Sasa mwanangu, wewe unayeenda kuanza kazi kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu, na wewe ndugu yake wa kuchomelea mageti, nisikilizeni. Siku mkivalishwa kile kikopo, kiacheni kichafuke. Hakijaja kwenu kutunzwa, kimeletwa kivute mnachovuta nyie. Msifagie kwa ajili yake, msisimame mbali na mashine, msikifunike hata kwa mapenzi mema. Yule wa maabara huko mbali hana namna ya kuwaona isipokuwa kwa kile mlichomtumia, nanyi mkimtumia usafi wa uongo, atawarudishia uongo huo huo una muhuri, na vifua ni vyenu. Na kwenye maisha mengine ni vivyo hivyo: ukienda kwa daktari, ukienda kwa mtu yeyote asiyekujua akupime, nenda kama ulivyo. Na mwenzako akifungua mdomo kusema kweli, chunga mguu wako.

Mungu awape pumzi ndefu na kazi isiyowala. Awape bosi anayekubali kupanda ngazi akasimama mnaposimama, na mawifi wa kuwafunikia meza mpaka mzeeke.