Maji Mdomoni mwa Fundi

Fundi alikuwa na daftari ambalo hakuwa amemwonyesha mtu. Lilikaa kwenye meza yake ya kutengenezea simu, meza ya kutosha viwiko viwili na si zaidi, chini ya boksi la vioo vilivyopasuka. Ndani yake alikuwa amejipa alama. Mchezo wa simu alioutengeneza kwa miaka mitatu, kati ya mteja na mteja, aliukatakata kama nyama buchani, kila kipande akakipa alama kati ya kumi. Sauti, nane. Rangi, tisa. Hatua ya mvua, ile iliyomla miezi minne akichora tone moja moja, kumi. Alijiona mkali kwelikweli, maana mahali pamoja alijipa tatu.

Lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Hata hiyo tatu aliipa kitu alichokwisha kuamua kukifuta.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi kuuelewa. Mwanamke amebeba trei ya mayai kichwani, juu ya kata ya kitambaa kilichoviringishwa, anavuka mji. Mchezaji anamwongoza kwa kidole gumba: aruke dimbwi, avuke ubao, akwepe baiskeli. Mayai yakianguka, anarudi mwanzo wa hatua. Kampuni moja ya kusambaza michezo ilikuwa imetangaza kwamba kila mtengenezaji apeleke mchezo mmoja, mara moja tu, kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Fundi alikuwa na miaka thelathini na sita na macho yaliyoanza kuchoshwa na skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Alikwisha kujiapiza kwamba wakimkataa, anafuta kila kitu kwenye kompyuta na kubaki na bisibisi yake mpaka uzeeni.

Alhamisi alasiri shangazi yake alikuja kama kawaida, akakalia stuli ya wateja. Huyu ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, baba yake Fundi alipofariki. Aliuza mayai, kisha akauza nguo za mitumba kwa miaka ishirini, na sasa magoti yalikuwa yamemstaafisha, si yeye kupenda. Hakuwa na mazoea ya kusifu kitu ambacho hajakusudia kukinunua, na ndiyo maana Fundi alikuwa hajawahi kumwonyesha ule mchezo. Siku hiyo, kwa kuwa kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuutuma, alimweleza yote, akamalizia kuwa kinyozi wa jirani ameusifu sana.

"Kinyozi unamtengenezea mashine bure," shangazi akasema. "Wewe mwenyewe unausemaje?"

Fundi akatoa daftari. Shangazi alilisoma akiwa amelinyoosha mbali na uso, kama asomaye tangazo la ng'ambo ya barabara, kisha akalifunga.

"Baba, mimi sikuwahi kumwuliza mteja kama gauni ni zuri. Mdomo wa mteja una adabu. Nilikuwa naliweka mbele yake, nageuka, najifanya nakunja suruali, kumbe natazama mkono. Mkono ukirudi kwenye gauni mara ya pili, nimeuza. Usiporudi, hata asifie mpaka koo limkauke, hanunui. Sasa wewe humu umejitazama mdomo. Nipe hiyo simu."

Akapewa. Hata hajaigusa vizuri, Fundi alikwisha kuanza: hapo asubiri kidogo, na ule ubao kuna namna ya kuuvuka. Shangazi akaiweka simu mezani. Akachukua chupa ya maji iliyokuwa karibu na feni, akampa.

"Jaza mdomo. Usimeze, usiteme, mpaka nimalize."

Fundi alicheka, kisha akaona shangazi hacheki. Ndivyo alivyokuwa akimfanyia mwenzake wa zamani sokoni, aliyekuwa na maradhi ya kushusha bei kabla mteja hajaomba. Basi mtu mzima na ndevu zake akajaza mashavu.

Shangazi akaanza mwanzo kabisa. Alivuka dimbwi, akafika kwenye ubao, mayai yakaanguka. Akarudia, yakaanguka. Mara ya tano Fundi alinyoosha kidole kumwonyesha, akapigwa kofi mkononi. Alianza kujiambia kuwa ni uzee, vidole vya mzee si vya michezo. Lakini kwa kuwa mdomo ulijaa maji, alilazimika kutazama. Kidole cha shangazi hakikuwa kizito. Kiligusa pale pale panapostahili, kwa wakati wake. Ubao ndio uliokuwa ukipinduka kabla mtu hajamaliza kukanyaga.

Mara ya kumi na moja, maji yakamtoka Fundi kidogo puani.

Alikumbuka. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameuongezea ubao ule kasi mara tatu, kwa jaribio la dakika tano, kisha aurudishe, akasahau. Siku hiyohiyo alijiwekea njia ya siri: ukigonga kona ya kioo mara tatu, unatua hatua ya nne, usipoteze muda na za mwanzo. Tangu hapo hakuwahi kupita tena mlango wa mbele wa mchezo wake. Mtu ameingilia mlango wa uani mwaka mzima, atajuaje kizingiti cha mbele kimeoza? Hata kinyozi aliyesifu mvua, kwenye mvua hiyo alipelekwa na Fundi mwenyewe, kwa kugongewa kona.

Huku mashavu yakiwa yamejaa, alinyoosha mkono akagonga kona mara tatu. Shangazi akamtazama kwa jicho la kuuliza, akaendelea. Alipita hatua ya nne na ya tano bila taabu. Ya sita mvua ikaanza, tone kwa tone, miezi minne yote.

"Mvua hii inanizibia mayai," akasema, akaivuka mbio kama mtu aliyeanika nguo. Kidole hakikusimama hata mara moja. Kumi ya Fundi ikaenda na maji.

Mwisho wa hatua ile kulikuwa na ukuta mfupi. Hapo mwanamke wa mayai hutua trei, huvua kata, huigeuza, huiweka tena kichwani, kisha huondoka. Hakuna pointi wala hatari. Hicho ndicho Fundi alichokipa tatu na kuandika pembeni: kinachelewesha, futa.

Kidole cha shangazi kikasimama.

Mwanamke akaondoka, shangazi akamrudisha hadi ukutani. Akaigeuza kata tena. Kisha akamrudisha mara ya pili, na ya tatu.

"Upande wa jasho ukae juu," akasema, bila kuinua macho. "Ukuta wa shule. Wewe ulikuwa umeshika pindo la gauni langu, una kikohozi, huchezi hata na wenzako. Nilidhani huoni kitu."

Maji yalikuwa mdomoni mwa Fundi na mengine yalikuwa yakitafuta njia ya juu. Alibaki akiutazama mkono ule uliolala juu ya kioo, wenye alama ya sindano gumbani, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu hakujua atajipa ngapi.

"Meza sasa," shangazi akasema, akamrudishia simu.

Ijumaa asubuhi hakufungua kwa wateja. Aliurudisha ubao katika kasi yake, akaiziba njia ya siri, akaanza mchezo mwanzo kabisa kama mgeni. Mvua aliipunguza mpaka ikawa manyunyu, na hilo lilimuuma kama kung'olewa jino zima. Ukutani hakugusa kitu. Saa sita kasoro robo akautuma. Kwenye daftari alifuta zile nane, tisa na kumi akaandika sita, sita, sita. Mbele ya kata hakuandika alama; aliandika: mkono ulirudi mara tatu.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Hawakukubali wala hawakukataa. Walitaja makosa saba, wakasema ayarekebishe, aulete tena baada ya mwezi, japo tangazo lilisema mara moja tu. Fundi alisoma kosa la kwanza masikio yakamchemka, akaanza kuandika kuwaeleza kwamba hawakuelewa. Alipofika mstari wa pili aliitazama stuli tupu ya wateja. Akafuta. Akavuta chupa.

Shangazi alipofika alimkuta mashavu yamevimba, macho kwenye simu, kalamu mkononi. Akauliza wamesemaje. Fundi akainua vidole saba.

"Makosa saba?"

Akatikisa kichwa kukubali.

Shangazi akaketi taratibu, akanyoosha magoti yake.

"Basi andika vizuri, baba. Asiyetaka gauni hahesabu vifungo."