Kalia Hendeli

Enzi zetu taa ilikuwa lazima iwe na mtu wa kuishika. Kama ulilelewa kule kwetu Soy, au popote ambapo stima ilifika wewe ukiwa tayari na watoto wako, unajua ninachosema. Mkubwa alifungua nati, na mtoto alisimama hapo na tochi mpaka mkono ukafa ganzi, akiambiwa, "Mulika hapa. Huo ukuta unaumulika umekukosea nini?" Nilimulika hivyo karibu miaka yote ya shule ya msingi, kwa sababu mama yangu alikuwa na kisiagi, mashine ya kusaga mahindi.

Baba na Mama walitoka Magharibi na sanduku moja la bati. Baba akapata kazi ya kuendesha trekta katika shamba kubwa, na Mama, ambaye hakuwahi kupenda kukaa mikono mitupu, akajinunulia kisiagi kikuukuu cha injini ya dizeli na kujifunza mwenyewe kukisimamia. Watu walikuja na magunia, madebe, wengine na gorogoro moja tu ya mahindi ndani ya kitambaa. Foleni ilikuwa ndiyo gazeti letu. Nani ameoa, ng'ombe wa nani ameingia kwenye ngano ya nani, yote yalisemwa kwa sauti ya juu kushinda injini, ndiyo maana hadi leo wanawake wa rika la mama yangu hawawezi kunong'ona. Sisi watoto tulikinga viganja pale unga unapotokea na kuulamba ukiwa bado na joto. Hakuna keki ya siku hizi inayofikia utamu wake, na sitaki kubishana na mtu juu ya hilo. Shuleni waliniita Shosho, yaani bibi kizee, maana nilifika asubuhi nywele na kope zikiwa nyeupe pe.

Mama alikuwa na sheria na hakuwa na mchezo nazo. Hakuna leso karibu na mkanda wa injini. Sweta ikunjwe mikono hadi kwenye viwiko. Kitambaa cha kichwa kifungwe nyuma, ncha zichomekwe ndani. Hakuna koroboi ndani ya kisiagi, kwa sababu vumbi la unga likishika moto halikupi nafasi ya kutubu. Ni tochi tu. Lakini sheria kubwa kuliko zote ilikuwa ya hendeli, na hiyo lazima niieleze vizuri, kwa sababu mkono wa kushoto wa mama yangu una vidole vitatu, na kwa muda mrefu niliamini ni mimi peke yangu ninayejua sababu yake ya kweli.

Injini ilikaa chumba chake na kisiagi chumba chake, kwa ajili ya moshi. Mkanda mrefu ulipita kwenye tundu la ukuta, kutoka gurudumu la injini hadi gurudumu la kisiagi. Aliye upande mmoja hamwoni aliye upande wa pili. Injini yenyewe haikuwa na ufunguo wala swichi. Ilikuwa na hendeli, chuma kizito kilichopinda, unakichomeka ubavuni mwa injini na kuzungusha kwa nguvu zako zote mpaka ikohoe. Bila hendeli, hata uwe na kifua cha fahali, huiwashi. Kwa hivyo kabla Mama hajaingiza mkono mahali popote penye kuzunguka, alizima injini, akaichukua hendeli, akaja nayo upande wa kisiagi, akailaza sakafuni juu ya gunia na kuniita.

"Nafula, kalia hendeli."

Nami nikakaa juu yake, tochi mkononi. Hakuna aliyeruhusiwa kuniinua, awe mteja, awe mwalimu, awe pasta na unga wake wa harambee. Kazi ikiisha, hendeli ilirudishwa kuegemea ukuta kando ya mlango wa chumba cha injini. Ukiiona pale, kisiagi kiko huru, washa. Usipoiona, usiulize, subiri. Mtoto wa miaka mitano angeelewa.

Tochi yetu ilikula mawe matatu, zile betri nene za duara. Vijana wakiona taa ya kuchaji leo wanafikiri wao ndio wa kwanza duniani kukirudishia kitu nguvu. Sisi tulichaji kwa jua. Mawe yakichoka, tuliyaanika juu ya mabati ya jikoni, seti moja ikiota jua huku nyingine ikifanya kazi, na yakizidi kuwa mabishi tuliyauma kwa meno. Mtu asinijie sasa na habari za sumu, najua, na nyinyi pia mliuma.

Siku hizi nina karakana yangu hapa mjini, mtaa wa Pioneer, natengeneza milango na mageti. Nina vijana watatu, wazuri tu, wachapakazi, lakini vituko vyao wacha tu. Mmoja, Kevo, anamulika kwa simu aliyoiuma mdomoni, halafu anataka kuniambia kitu na simu iko humo. Nikamnunulia taa ya kuchaji, yenye sumaku na kiango, unaibandika kwenye chuma chochote. Akaibandika kwenye toroli, kitu chenye kutembea. Kinga ya grainda, ile mashine ya kukatia chuma, wanaivua kwa sababu eti inawazibia. Miwani ya kazi inakaa kichwani, wakienda kula wanapigia picha. Betri wanaiacha ikichajiwa usiku kucha juu ya godoro. Na siku ile nilipomkuta Kevo akibadilisha diski huku betri iko ndani ya grainda na kidole kiko karibu na swichi, nilimpigia kelele mpaka wauza viazi wa ng'ambo ya barabara wakasimama.

"Toa betri. Iweke mfukoni. Ndio ubadilishe."

"Mathe, ni sekunde mbili tu. Hii kitu haina noma."

Nilimwambia mama yangu alipoteza vidole viwili kwa muda mfupi kuliko huo. Akatoa betri, akaitia mfukoni. Lakini sikumwambia lililobaki.

Lililobaki lilitokea Jumamosi moja ya mavuno. Foleni ilikuwa imefika barabarani, na watu walikuwa wakisukumana kwa viwiko na vicheko. Mkanda ukachomoka kwenye gurudumu la kisiagi. Mama akazima injini, akaleta hendeli, nikaikalia. Alikuwa ameushika mkanda kwa mkono wa kushoto, anaurudisha kwenye gurudumu, tochi ilipofifia, ikawa nyekundu, ikazima kabisa. Kile chumba hakikuwa na dirisha.

"Kimbia ulete yale mawe mengine," akasema.

Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa mtoto mtiifu. Sheria ilisema hendeli haiachwi, basi sikuiacha. Niliinyanyua kwa mikono miwili na kutoka nayo, huku wamama wa foleni wakinicheka kwa jinsi nilivyopinda mgongo. Mawe yalikuwa juu ya mabati ya jikoni, na kuyafikia lazima upande pipa la maji. Huwezi kupanda pipa na hendeli mkononi. Jikoni kwetu kulishikana ukuta na chumba cha injini. Nikaiegemeza ukutani, pale ilipoegemezwa siku zote, kwa mazoea tu, bila kufikiri hata kidogo.

Baba alikuwa ametoka kazini saa sita. Akaona foleni. Akaona hendeli mahali pake. Akaichukua ili amsaidie mkewe.

Mimi nilikuwa juu ya pipa, mawe matatu ya moto kiganjani, niliposikia injini ikikohoa mara moja. Mama hakuwa amengoja mwanga, alikuwa anaendelea kupapasa gizani, na mkanda ukavuta vidole vyake ukaviingiza kati yake na gurudumu. Hakupiga nduru. Aliita jina la Baba mara moja tu. Yale mawe yaliniponyoka yakaanguka ndani ya pipa, na mpaka leo sijui nani aliyatoa.

Mama alirudi kutoka hospitali baada ya wiki mbili, kidole cha pete na cha mwisho havipo. Wageni walipokuja kumpa pole, Baba aliwaambia wote neno moja. "Ni mimi. Sikuuliza kwanza." Nilikuwa chini ya meza nikisikia, nikataka kutoka niseme ukweli, lakini niliogopa. Kesho yake ilikuwa vigumu zaidi. Mwaka uliofuata ilikuwa kama jambo lisilosemeka. Nikamaliza shule kimya, nikaolewa kimya, nikaanza kazi ya chuma, na Baba alipofariki nikasimama kando ya kaburi lake bado kimya. Hilo ndilo liliniuma kuliko yote.

Maana Baba hakuigusa tena ile hendeli. Akawa mtu wa kuuliza. Hata akitaka kuwasha redio asikie taarifa, angesimama kwanza na kuita, "Mama yenu yuko wapi?" Mpaka ajibiwe ndipo awashe. Sisi watoto tulicheka, nami nilicheka pamoja na wengine ili nisionekane. Baadaye injini iliuzwa, wateja wakahamia kwa mashine za stima za sokoni, na kisiagi kikabaki kimefungiwa kwenye saruji, kikiliwa na kutu.

Jumamosi iliyopita Mama alinipigia simu. Anataka kile chumba kiwe cha kuku, nije nikate bolti. Nikabeba grainda ya betri, diski mpya, ile taa ya sumaku, na miwani miwili, nikaenda Soy. Niliyatoa nje magunia yote makuukuu, nikafagia unga mkavu na utando wa buibui hadi kwenye pembe, nikaweka ndoo ya maji karibu, kwa sababu cheche haziulizi. Nilimwambia Mama akae nje. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa, akaleta kigoda chake, akavaa miwani ya kazi juu ya kitambaa cha kichwa na kukaa pale pale nilipokuwa nikikaa mimi.

Nikaibandika taa kwenye tumbo la kisiagi na kuiwasha. Chumba chote kikawa cheupe. Sikuwahi kukiona hivyo utotoni, tulikuwa tunakiona kipande kipande, kiasi cha mwanga wa tochi. Sasa niliona tundu la mkanda, niliona gurudumu, niliona ni hatua mbili tu kutoka pale nilipokalia hendeli hadi mlangoni. Taa ile haikuhitaji mtu wa kuishika, na mikono yangu ikakosa cha kujitetea.

Nilikata bolti mbili, diski ikaisha. Nikachomoa betri, nikaiweka chini kando ya kigoda, nikampa Mama mgongo na kuanza kufungua diski. Hapo ndipo nilisema. Sikupanga.

"Mama, siku ile hendeli niliitoa mimi. Niliiegemeza pale mlangoni nikipanda pipa."

Nikasikia kigoda kikilia.

"Najua," akasema. "Nilikutuma mwenyewe, na mtoto ana mikono miwili tu. Mimi ndiye nilipaswa kungoja mwanga. Sikungoja, foleni ilikuwa ndefu."

"Na Baba?"

"Baba yako alipotoka mbio kuita watu alikuona juu ya pipa. Aliniambia hospitalini. Akasema tusikuulize kitu, usije ukakua ukiogopa mashine." Akavuta pumzi. "Na hukuogopa. Alikuwa akikusifu sana, yule."

Nililia ndani ya miwani, na miwani ya kazi ikiingia maji huoni kitu, hiyo nayo vijana wangu hawaijui. Nililia kwa ajili ya mtu aliyekubali kuuliza ruhusa ya kuwasha redio maisha yake yote ili mimi nisiulizwe swali moja. Siku hizi tuna mwanga mpaka umetuzidi. Tuna vifaa vinavyofanya kazi ya siku nzima kwa robo saa, na maandishi ya usalama yamejaa kwenye boksi kwa lugha kumi, hakuna anayeyasoma. Enzi zetu hatukuwa na kitu, mawe ya tochi tuliyaombea jua. Lakini penye hatari palikuwa na mtu wako amekaa karibu, kazi yake ni kukaa tu.

Nilifuta uso, nikafunga diski mpya, nikapapasa chini kutafuta betri. Haikuwepo. Nikageuka.

"Mama, betri iko wapi?"

"Umekaza?"

"Nimekaza."

"Kinga umerudisha?"

"Nimerudisha."

"Toa mikono hapo kwanza."

Nikaweka grainda chini, nikainua mikono yote miwili aione. Ndipo akajiinua upande mmoja, akaitoa betri chini yake, na kunipa kwa ule mkono wa kushoto. Ilikuwa na joto.