Mwaka wa Kumi na Nne wa Bwana Jaifar

Bwana Jaifar wa Bawshar, Maskati, aliamini kwamba watu wote wameumbwa sawa, na aliamini hivyo kila Ijumaa baada ya Alasiri, barazani kwa jirani yake Ishaq, kati ya kikombe cha kwanza cha kahawa na cha tatu. Baada ya cha tatu Ishaq hutikisa kikombe chake kuonesha kwamba kimemtosha, na wageni huelewa kuwa hazungumzii kahawa peke yake.

"Wamarekani wameandika," Jaifar husema, "kwamba mtu anazaliwa na haki zake. Hapewi na mfalme, hapewi na mkubwa wake wa kazi. Anakuja nazo duniani kama anavyokuja na masikio."

"Na aliyeandika," Ishaq humkumbusha, "alikuwa na watumwa kwa mamia."

"Nnajua. Maneno yalimzidi mwenyewe. Ndiyo maana nnayapenda."

Hapo wazee wote, waliotoka Unguja wakiwa wadogo na ambao babu zao walikuwa na mashamba ya karafuu, huigeukia halua.

Mapenzi haya ya Jaifar yalikuwa na tarehe. Mwaka 1994 ofisini kwake ilitoka nafasi moja ya masomo Marekani. Jaifar alishinda mtihani. Akaenda mwenzake Harub, ambaye hakuushinda lakini alikuwa na babu. Harub alirudi na shahada, akawa mkurugenzi, na hadi leo husema "kule kwetu Ohio" kana kwamba Ohio ni kijiji cha pili baada ya kwao Nizwa. Kwa takriban miaka thelathini Jaifar hakuwahi kulisikia neno hilo bila kuukumbuka mtihani ule.

Katikati ya miaka hiyo akaigundua bahati nasibu ya Marekani. Kila Oktoba mtu aliyemaliza sekondari anajaza fomu, anatia picha, na kompyuta inachagua. Anayetoka anaomba viza akahamie. Kompyuta haiulizi babu. Jaifar aliijaza miaka kumi na tatu bila kumwambia mkewe Rahila, ingawa jina la Rahila lilikuwemo ndani, maana fomu inataka mke atajwe. Alikusudia kumwarifu akishashinda.

Picha ilitaka ukuta mweupe na kichwa wazi. Ukuta mweupe usio na aya, saa wala picha ya mjukuu ulikuwa mmoja tu, wa chumba cha kufulia, na mpiga picha alikuwa mmoja tu, Kirabo, msichana wa Kiganda aliyekuwa akiwafanyia kazi na ambaye Kiswahili chake alikikamilisha jikoni mwao.

Mwaka wa kumi na nne Kirabo aliuliza. "Baba, hii picha ya kila mwaka ni ya nini?"

Jaifar alimweleza. Alianza na haki za kuzaliwa nazo, akafika kwenye kompyuta baada ya dakika arobaini. Kirabo alisikiliza huku anapiga pasi kanzu ya tatu ya dishidasha.

"Watu wote?" aliuliza. "Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Mimi nimemaliza sekondari, baba."

Mtu aliyesema "watu wote" kwa dakika arobaini hawezi ghafla kuanza kuwapunguza. Jaifar akamjazia fomu na yeye. Namba mbili za kuangalizia majibu aliziandika kwenye karatasi moja, yake juu, ya Kirabo chini, akaificha mahali ambapo mtu wa nyumbani hataiona, chini ya kitambaa cha boksi la kofia yake ya Ijumaa. Rahila hakuwahi kuligusa boksi lile.

Majibu yalitoka Mei. Jaifar aliingiza namba yake. Hakuchaguliwa, kwa lugha ya adabu aliyokwisha kuihifadhi. Akaingiza ya pili, basi tu, na ukurasa ukabadilika. Kirabo amechaguliwa. Akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena.

Hakumwambia. Siku ya kwanza alijipa sababu kwamba amechoka. Siku ya pili aliona samaki ana chumvi. Siku ya tatu alikuta shingo ya dishidasha ina kunyanzi, akaisemea kwa urefu ambao kunyanzi lile halikustahili. Usiku wa siku hiyo wazo lilimpitia kichwani: Harub angalau alikuwa na babu, huyu ana nini? Alilitambua. Lilikuwa wazo lile lile lililompeleka Harub Ohio, na sasa lilikuwa limehamia kwake, limevua viatu na kukaa.

Akaanza kumwonya, kwa mzunguko. "Kule Marekani baridi inakata masikio."

"Pole yao, baba."

"Kule mtu mweusi anasimamishwa na polisi barabarani, anapigwa risasi akitafuta leseni."

"Duh! Pole yao," alisema Kirabo, akamwongezea pweza wa nazi.

Yote aliyosema yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililomkera. Hajawahi kusema ukweli mwingi hivyo kwa nia mbaya hivyo. Na pweza alikuwa mtamu. Wiki nzima ilikuwa pweza, mkate wa kumimina, maandazi ya iliki, vitu vyake vyote. Alidhani ni heshima.

Siku ya kumi Kirabo alimkuta jikoni anatafuta maji baridi.

"Baba, utaniambia lini?"

"Nikwambie nini?"

"Kwamba namba yangu imetoka. Mimi niliangalia siku ile ile."

"Namba nani alikupa?"

"Kofia zako nani anazifua, baba? Nani anazitia wanga?"

Jaifar alishika glasi. Alikuwa ameificha karatasi isionwe na mtu yeyote wa nyumbani, na alipowahesabu watu wa nyumbani alimhesabu Rahila, akamhesabu binti yao Ruba anapokuja na watoto. Hesabu ilikuwa imeishia hapo.

"Na yangu uliiona?"

"Niliona. Ndiyo nikapika pweza." Kirabo aliinamisha macho. "Pole, baba."

Wivu alikuwa anauweza, ameufuga tangu 1994. Kuonewa huruma na anayempigia pasi kulikuwa kugeni.

"Sasa naomba pasipoti yangu," alisema Kirabo. "Bila pasipoti, khalas, bahati yangu imekwisha."

Pasipoti ilikuwa kabatini mwa Rahila, pamoja na dhahabu. Iliwekwa pale kwa usalama, kama inavyosemwa katika nyumba nyingi, ingawa hakuna anayesema usalama wa nani.

"Mama Ruba, nipe pasipoti ya Kirabo."

"Anakwenda wapi?"

"Marekani. Mie sikutoka."

Rahila aliweka simu chini. "Hukutoka wapi?"

Ikabidi aeleze, na safari hii hakuchukua dakika arobaini.

"Miaka kumi na nne unatafuta kunipeleka kwenye theluji, Baba Ruba, na goti langu hili! Na mie ningeambiwa lini? Uwanja wa ndege?" Alifungua kabati kwa kishindo, akamtupia ile pasipoti. "Haya. Na nani atapika?"

Swali hilo halimo katika maandishi ya Wamarekani, ingawa bila shaka siku ile yanaandikwa kuna mtu alipika.

Kutoka chumbani hadi jikoni ni hatua kumi na saba. Katika hatua zote hizo Jaifar aliwaza kwamba angeweza kusema Bi Rahila amekataa. Angeaminiwa. Kwenye hatua ya tisa alisimama kabisa. Kisha akaingia jikoni, akaiweka pasipoti mezani, mbele ya Kirabo.

"Sikupi," alisema. "Ilikuwa yako." Na kwa kuwa hakuweza kujizuia, akaongeza, "Lakini baridi inakata masikio."

Viza ilitoka mwanzo wa Oktoba. Rahila alilia, akaenda hadi soko la Matrah kumtafutia sweta. Siku ya safari, begi likiwa mlangoni, Kirabo aliita kutoka chumba cha kufulia.

"Baba, njoo! Fomu zinafungwa kesho kutwa. Nani atakupiga picha?"

"Mama Ruba sasa anajua. Atanipiga yeye."

"Mama anakata vichwa. Yalla, simama hapo."

Akasimama.

"Vua kofia."

Maskati, mwanamume wa umri wake humwonesha upara mkewe na kinyozi tu. Aliivua kofia, akaishika kifuani, na katikati ya kichwa akasikia upepo wa kiyoyozi.

"Wima, baba. Tazama hapa. Usicheke."

"Sicheki," alisema, na kati ya masharti yote ya Wamarekani, hilo ndilo lililokuwa jepesi kulitimiza.