Mama Aliponiambia Niimbe

Baridi ya Juni ilinikuta Mbeya nikiwa na mimba yangu ya kwanza, tumbo limeshakuwa kubwa. Tulipanga chumba mtaa wa Soweto. Mume wangu, dereva wa malori, alikuwa safarini Zambia. Mimi nilikuwa nauza vitenge soko la Mwanjelwa. Mama yangu alibaki Mgololo, kule nilikokulia, baba akifanya kazi kiwanda cha karatasi. Kila jioni nilimpigia simu, hata kama sina habari ya kumpa, ili tu nimsikie akisema, "Kamwene," salamu yetu ya Kihehe.

Siku moja nilifungua kibanda nikiwa mzima kabisa. Kufika mchana natetemeka, kichwa kinagonga, viungo vinauma kama nimelimishwa shamba zima. Jirani yangu wa sokoni akasema ni malaria. Nikapima zahanati, hawakuona malaria. Nikampigia Mama.

"Ulianza na makamasi, polepole?"

"Hapana, Mama. Imeniangusha ghafla."

"Basi hayo si mafua ya kawaida. Hiyo ni homa ya mafua yenyewe. Lala, unywe maji na uji. Na hospitali uende, maana hauko peke yako."

Kesho yake homa ikashuka. Nikala vizuri, nikafua, nikaona sina haja ya kwenda popote. Ila haikupita muda homa ikarudi, safari hii na kikohozi na kichomi upande wa kulia. Nilipompigia Mama nikajitahidi kuongea kwa furaha. Akanisikiliza.

"Hebu imba," akasema.

"Niimbe nini, Mama?"

"Wimbo wowote wa kwaya. Sauti yako ya pili."

Kanisani tulisimama bega kwa bega tangu nikiwa msichana, naijua pumzi yake na yeye anaijua yangu. Nikaanza. Sikufika mwisho wa mstari, pumzi ilikatika.

"Acha. Mpe simu mama mwenye nyumba."

Sijui alimwambia nini. Nilichoona ni bajaji mlangoni na mama mwenye nyumba akinifunga kanga kichwani. Hospitali wakanibana kidole kwa kifaa cha kupima hewa mwilini, wakaniwekea oksijeni. Daktari akasema homa ya mapafu imeshaanza. Akaniambia mjamzito akipata homa ya mafua asisubiri nyumbani, hata kama anajiona ana nafuu.

Mama alishuka basi kesho yake na blanketi na viazi vya kuchemsha. Alikaa kwenye benchi kando ya kitanda changu mpaka niliporuhusiwa. Binti yangu alizaliwa salama, wakati wake ulipofika, na Mama alimwogesha kwa mikono yake. Kabla mtoto hajajua kutamka "bibi", presha ilimchukua Mama.

Juni iliyopita binti yangu alichemka kwa homa. Nilimvua sweta nikatazama mbavu zake zinavyopanda na kushuka, nikaona kama anakunywa, kama anakojoa, kisha nikambeba hadi zahanati. Walisema ni mafua tu. Nilirudi nimefurahi, nikamweleza mama mwenye nyumba.

"Mungu mkubwa," akasema, akaendelea kuchambua mchele wake.

Nikasimama uani na mtoto mgongoni. Nilitamani mtu wa kuniuliza: amekula nini, amelalaje, na wewe mwenyewe je, mwanangu?