Maji ya Mama Chini ya Misindano

Haya nitakayoyaandika hamtayaamini, wapwa zangu, wala sitawalaumu. Mimi niliyeishia darasa la tano kwa sababu walimu waliishiwa ya kunifundisha, mimi niliyeingia mashimo ya dhahabu ya Makongolosi nikatoka nikiimba, nilitishwa na mvua. Mvua yenyewe ilinyesha upande mmoja wa njia tu.

Kisa ni cha shemeji yangu Kalista, mke wa marehemu kaka yangu. Yuko hapa anapukuchua mahindi, namsomea kila ninachoandika, naye ananikodolea macho kama karani wa mahakama. Kalista alikuwa na kinyungu huku kwetu Mufindi, bustani ya bondeni inayolimwa kiangazi kwa unyevu wa chemchemi. Wenzake wakisubiri mvua za Novemba, yeye anakula maharage mabichi. Alipofiwa na mume, kinyungu kile ndicho kilichowalisha wanawe.

Mwaka wa sabini shamba la miti la serikali likapanda misindano, ile miti ya majani membamba, kilima chote juu ya chemchemi. Kalista mwenyewe alikuwa kibarua, akibeba miche kichwani. Katikati ya mistari likabaki kaburi la mama yangu. Walilikwepa kwa heshima, lakini miti ilipokua ikalifunika, hata mchana unalitafuta kwa kupapasa.

Kufikia sabini na sita chemchemi ikaanza kukohoa. Matuta yakapasuka. Wazee wa ukoo wakakaa, wakaamua: mama ana kiu, mkwe ampelekee maji. Mkwe hakatai jambo kama hilo. Basi Kalista akawa anakinga ndoo kwenye kale kachemchemi, anapanda nayo kilimani, anammiminia mama na unga kidogo, anashuka. Kila alivyomimina, bonde likazidi kukauka. Wazee wakasema, "Ongeza."

Ajabu iko hapa. Asubuhi za Julai, ukungu ukitanda, njia ni vumbi tupu. Ukivuka mstari wa kwanza wa misindano, unalowa. Matone yanadondoka, chwa, chwa, kama mtu anayekunywa gizani na hataki umwone. Hata masika mvua ilikamatwa kule juu kwenye majani. Jua likitoka miti inafuka moshi, maji yanarudi mawinguni kabla hayajagusa ardhi. Yaliyogusa, mizizi ilikuwa inayangoja. Kalista aliniambia, "Shemeji, nikiwa ndani nasikia kijito kikipita. Nikitoka, hakuna."

Kisha moto ukaunguza misindano ya kilima cha pili, juu ya bonde la jirani yetu Kalinga. Kiangazi kilichofuata, kijito chake kilichokuwa kimekufa kikarudi, na vyura wake. Kalista akachuchumaa pale, akatia mkono majini.

"Huku kwa Kalinga nani alipeleka maji kaburini?" akauliza.

"Hakuna. Ukoo wenyewe wavivu."

"Basi si mama aliyekuwa anakunywa, shemeji. Nimekuwa nikiinywesha misindano."

Kalinga akamkatia matuta machache bondeni mwake. Lakini mkwe haachi kaburi kimyakimya. Asipoaga, wazee walisema, wanawe ndio watakaoandamwa. Akaniomba nimsindikize. Nani mwingine angefaa?

Tukaingia na ukungu. Mvua ile ya ndani ikatunyeshea. Akapapasa mpaka akalipata kaburi, akapiga magoti kwenye majani yaliyooza, akaweka unga tu. Ndoo aliiacha nyumbani.

"Mama," akasema, "sitakuletea maji tena. Yaliyobaki ni ya wajukuu zako. Kama una kiu kweli, niambie mimi. Watoto usiwaguse."

Matone yakakoma. Yote, mara moja. Nawaapia! Nikamsikia mama akiniita, "Sedekia!", sauti ikitoka chini ya mizizi, nami sikutikisika, nikasimama wima kama nguzo ya simu, nikamjibu kwa sauti ya kiume, "Mama, mwachie mkweo aende zake, mimi mwenyewe nitakuletea mapipa, nitakugeuzia mto mzi—"

"Shemeji!" Kalista ameacha mahindi yake. "Wima wapi? Ulikuwa umejifunika kanga yangu, na aliyekuwa anaita 'mama, mama' ni wewe. Mama hakunijibu kitu. Mpaka leo."