Mkono Mmoja wa Hina

Enzi zetu pale Mtongwe, nguo iliishi miaka mingi kuliko ndoa za siku hizi. Kanzu ya baba ikichakaa ilipunguzwa ikawa ya kaka, ya kaka ikageuzwa foronya, na foronya ikaishia kuwa tambara la kuepulia sufuria. Suruali ikitoboka gotini ilitiwa kiraka, nawe ukatembea ukikificha kwa mkono. Leo mpwa wangu ananunua suruali iliyotobolewa tangu dukani, tena ghali, na anatembea nayo kifua mbele.

Katika nguo zote zilizoshonwa nyumbani kwetu, niikumbukayo zaidi ni kofia. Shangazi Zuhura, dada mdogo wa baba, alikuwa ameposwa na Bakari wa Shika Adabu. Kwetu bibi harusi alimshonea mumewe kofia ya viua kwa mkono wake mwenyewe, na asiyeweza alisemwa mpaka ana wajukuu. Unachora maua kwenye bafta nyeupe, unatoboa vitundu, kisha kila kitundu unakizungushia uzi mpaka kinasimama kama jicho. Kazi ya miezi. Shangazi alishonea barazani, mahamri yakinukia jikoni, na akiharakisha kidogo tu Bibi humwambia, "Usiikimbize sindano, mwanangu. Kichwa hakiendi popote."

Kipimo hakuchukua yeye. Mchumba hasogelewi! Mwanaisha, dada yake Bakari, ndiye aliyemzungushia kaka yake uzi kichwani, akaufunga fundo na kuuleta. Na Bakari wa miaka ile alikuwa kijana wa mtindo: nywele zimetimka duara kama kuba la msikiti, kitana kimechomekwa nyuma, na ole wako uziguse.

Siku moja kabla ya nikaha, alasiri, bwana harusi alinyolewa kama ilivyo ada. Sisi watoto tulikuwa chumbani tukimpepea Shangazi, hina mbichi imejaa mikononi na miguuni, yeye kakaa kama sanamu. Mara Mwanaisha akaingia anahema, sinia kichwani, na ndani ya sinia ile kofia.

"Bui, kofia yamfika puani!" akamlilia Shangazi, shoga yake.

Bibi aliitazama kofia, akamtazama Mwanaisha. "Wee mtoto, ulipima kichwa au ulipima nywele?"

Mwanaisha akajifunika uso kwa leso. Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega, ila Shangazi. Kesho yake kuumeni wangemwona Bakari kafunikwa kama chungu, na jina baya lingekuwa la mshonaji.

"Lete niipunguze mimi," Bibi akasema. "Hina yako itaharibika."

"Abee, mama, la. Nilisema mkono wangu."

"Basi bibi harusi bila hina?"

"Ninao wa pili."

Akaomba maji. Akaosha mkono wa kulia, hina ambayo haijashika rangi ikateremka kwenye beseni, na somo yake, kungwi aliyempaka, akapiga ukemi kama aliyefiwa. Shangazi akafumua mshono, akakikunja kitambaa kwa ndani upande wa nyuma, bila kukata hata kidogo, akashona tena. Bibi alimshikia taa. Mwanaisha, kwa adhabu, alikoroga wanga wa muhogo wa kuikazia, kisha kofia ikafunikwa juu ya bakuli ikauke. Walipokumbuka kurudia ule mkono, hina iliyobaki mashangazi wengine walikwisha kujipaka.

Kesho yake kofia ilimkaa Bakari utadhani kazaliwa nayo. Na Shangazi akaingia ukumbini mkono mmoja mweusi tititi, mwingine kama papai bichi lililomenywa. Waliotaka kucheka walicheka. Yeye ndio kwanza aliutanguliza ule mweupe.

Mimi maisha yamenizungusha miji mingi, na kila mji nimenunua kofia. Za mashine, maua yamepigwa chapa, zinapendeza mpaka mvua ya kwanza. Mwaka jana nilikwenda Mtongwe kuwaamkia Shangazi na Bakari nikiwa nimevaa mojawapo. Shangazi aliivua kichwani mwangu, akaigeuza ndani nje, akatafuta pa kufumulia. Hapakuwa na kitu.

"Hii ukinenepa utafanya nini?"

"Nitanunua nyingine, Shangazi."

Alicheka kwa huruma, kama anayecheka na mgonjwa. Kisha akaniletea ile ya Bakari, ambaye sasa ni mzee mnene mwenye kipara kinachong'aa. Ule mkunjo wa alasiri ile umeshafumuliwa mara mbili kuufuata mwili wake.

Niliuchungulia kwa ndani. Umebaki mwembamba, upana wa kidole.

"Huo niachie," Bakari akasema kutoka kitini. "Bado ninakula."